Kwa Nini Nilimcheka Mzee wa Ngazi

Baba Levina, mume wangu mpendwa,

Shikamoo sikupi. Ulinizidi miaka miwili tu, na kila ulipoidai ulikuwa unanichokoza, kwa hiyo hata huko uliko usiitegemee. Nakusalimu kama nilivyokusalimu miaka yote ulipoingia ndani na vumbi la chaki kwenye mikono ya shati: umeshindaje?

Huku Nyabusozi hatujambo. Mvua zimewahi na maharage yamechipua vizuri. Ile migomba uliyoipanda karibu mno na jiko, nami nikakwambia wakati ule ule kwamba ni karibu mno, sasa inaangusha majani juu ya bati na mimi ndiye ninayefagia. Levina huja kila Jumapili kutoka mjini, ananiletea sukari pamoja na maneno ya daktari kuhusu sukari hiyo hiyo.

Wiki iliyopita tulikusomea misa ya kutimiza mwaka. Watu walikuja wengi kuliko nilivyopikia. Baada ya chakula akasimama mwanamke mmoja mwenye mvi, kitenge chake cha heshima, akasema ametoka Ntobeye kwa basi. Sikumtambua mpaka alipotaja jina lake: Gaudensia, yule mwanachuo wako. Aliwaambia watu kwamba amefundisha darasa la kwanza mpaka kustaafu kwake kwa somo moja ulilowapa Jumamosi moja wakati wa vita, kwa mashine ya sinema na filamu isiyo na sauti. Somo lenyewe ni kwamba mtoto anayecheka anasikia, na mtoto anayeogopa anakariri tu. Halafu akanigeukia. Akasema wa kwanza kucheka siku ile alikuwa mke wa marehemu, Mwalimu Leonsia, na bila yeye wasingethubutu. Watu wakanipigia makofi. Mimi nikainamisha kichwa na kukunja pindo la kanga, kwa sababu walikuwa wanaupigia makofi uongo.

Ndiyo maana nakuandikia. Kuna jambo la siku ile ambalo sikukwambia, nimekaa nalo miaka yote tuliyokula sahani moja. Nakuandikia kwa Kiswahili, maana ndicho tulichogombania na kupatania, wewe na Kisubi chako, mimi na Kihangaza changu, na kila mmoja akidai cha mwenzake kinachekesha.

Unaikumbuka nyumba yetu ya chuo cha ualimu? Vyumba viwili na jiko la nje, na ukuta mmoja tukichangia na Filbert, mkufunzi wa hisabati, rafiki yako wa tangu shule. Mkoa bado ulikuwa unaitwa Ziwa Magharibi, na sisi tulikuwa wapya katika kila kitu, ndoa, kazi, hata masufuria. Wewe ulifundisha mbinu za kufundishia, mimi nilikuwa na darasa la pili katika shule ya mazoezi, ng'ambo ya uwanja wa mpira. Jioni ulikuwa unanisimulia wanachuo wako mmoja mmoja, nami nikijifanya sisikilizi huku nachambua mchele. Ukinyamaza, nauliza, "Halafu?" Ulikuwa unapenda hiyo "halafu" yangu kuliko chakula.

Kisha vita vikaja. Malori yakaanza kupita kuelekea kaskazini, yamejaa vijana wanaoimba. Baadhi ya wanachuo wa kiume wakaenda nao, vitanda vyao vikabaki na magodoro yaliyokunjwa. Sukari ikaadimika, sabuni tukawa tunaikata kwa uzi. Taa za usiku zikapigwa marufuku. Wale waliobaki chuoni wakawa kama watu walio matangani, ila hakuna anayejua msiba ni wa nani. Ulikuwa unaniambia kwamba wanaandika kila neno unalosema, hata ukikohoa wanaandika, na hakuna anayeinua uso. Nami niliwaona kwa macho yangu walipokuja kufanya mazoezi ya kufundisha. Walisimama mbele ya watoto wangu kama askari magereza, mpaka wawili wakajikojolea kwenye dawati.

Hapo ndipo ulipoanza kuyatazama malori. Hukuniambia, lakini mimi ni mkeo. Lori likipita, unaacha unachofanya na kujifuta chaki mikononi, kama mtu anayeionea chaki aibu. Mwishowe siku moja tukiwa tunakula ukalitoa neno. Wewe na Filbert mmekubaliana. Orodha ya mgambo wa kujitolea inafungwa bomani Jumatatu, na mtakwenda pamoja.

Nilikuwa na mimba ya Levina, miezi saba. Nataka ujue kwamba niliogopa, kwa sababu sikuonyesha. Lakini kwetu Ngara nilifunzwa kwamba mume akisema anakwenda vitani, mke hamzuii. Unamfungia chakula, unamsindikiza hadi njia panda, unarudi bila kugeuka. Mama alinifunza hivyo, na yeye alifunzwa hivyo na mama yake. Kwa hiyo sikusema neno. Nilikuongezea mboga.

Wewe ndiye uliyeendelea kuongea. Padre mmoja wa misheni, mzungu aliyekuwa anarudi kwao, alikiachia chuo mashine ya sinema na filamu chache za kizamani za kuchekesha, zile ambazo watu wake hawatoi sauti. Ulitaka kuwaonyesha wanachuo Jumamosi, kabla hujaondoka.

"Nikiweza kuwachekesha hawa vijana, nitajua bado nina kazi hapa," ulisema. "Nikishindwa, kukaa kwangu kuna faida gani?"

Hukujua ulichonikabidhi. Kuanzia hapo, Mungu anisamehe, sikuomba tena vita viishe. Niliomba wanachuo wacheke.

Ulikwenda kwa Mkuu wa chuo, naye akataka kujua somo lililomo ni lipi, maana miaka ile hata mchezo wa kukimbia na gunia ulikuwa lazima uwe na somo. Ukamwandikia kwenye karatasi: "Matumizi ya kichekesho darasani." Alisoma mara mbili. Akakupa dizeli ya jenereta ya kutosha saa moja, akasema iwe mchana. Ndipo wanachuo wakaleta mablanketi yao mkayapigilia kwenye madirisha ya bwalo mpaka giza likaingia saa nane mchana. Mimi nikakupa shuka langu la harusi, lile jeupe ambalo mama alilitarizi maua pembeni. Ukalitundika ukutani kwa misumari minne. Misumari, Baba Levina, na kamba zilikuwepo. Hilo sijakusamehe bado.

Siku moja kabla, wewe na Filbert mliijaribu mashine kwa dakika chache. Nilikuwa kibarazani, nikawasikia mnavyocheka hadi mnapiga meza. Ulirudi nyumbani huna wasiwasi wowote. Ukaniambia, "Ngoja uone kesho."

Basi kesho ikafika. Wanachuo walikaa kwenye mabenchi wima kabisa, na daftari mapajani, gizani. Mimi ulinipa kigoda nyuma, kando ya mashine, kwa ajili ya tumbo. Mashine ikaanza kunguruma kama cherehani, na kwenye shuka langu akatokea bwana mmoja mnene, mtu mzima, koti na kofia, amebeba ngazi ndefu begani. Anakwenda kupaka chokaa nyumba ya watu. Akigeuka huku, ngazi inampiga askari. Akigeuka kumwomba askari radhi, inampiga mwenye nyumba. Akaiegemeza ukutani, akapanda, ngazi ikateleza, akaja chini na kofia yake.

Hakuna aliyecheka. Halafu sauti moja ya msichana wa benchi la mbele ikasema taratibu, kwa adabu zote, kama mtu anayesema na baba mkwe.

"Pole, mzee."

Alikuwa Gaudensia. Wenzake wote wakafuata, wanaume kwa wanawake: "Pole, mzee."

Ninyi wasomi wawili mlikuwa mmesahau hao vijana wametoka nyumba za namna gani. Mtu mzima akianguka mbele yako, kwetu na kwenu, humcheki. Unainuka, unampa pole, unamwokotea kofia. Mmewachagulia filamu ya mzee anayeanguka mara kumi, na wao wakajiandaa kumpa pole mara kumi. Alipoingia kwenye pipa la chokaa wakasema pole sana. Askari alipoanza kumfukuza wakaguna kwa uchungu. Mmoja akanyoosha mkono akingoja aitwe, nawe gizani hukumwona, basi mwishowe akasimama tu.

"Samahani, Mkufunzi. Huyu mzee hana majirani wa kumshikia ngazi?"

Wenzake wakaunga mkono kwa minong'ono. Nikasikia wanajadili ni kijiji gani hicho ambacho mtu anaachwa apake nyumba peke yake wakati wengine wanasimama kumtazama. Ujamaa ulikuwa umewaingia kuliko Mkuu alivyofikiri.

Leo nikiikumbuka nacheka mwenyewe jikoni. Siku ile sikucheka. Nataka nikwambie wazi: ile filamu sikuitazama. Nilikutazama wewe. Mwanga uliokuwa unavuja kwenye mashine ulikuangukia usoni, nikaona uso wako unafungwa kidogo kidogo, kama duka linalofungwa jioni. Ulimtazama Filbert aliyekuwa amesimama mlangoni. Naye akakutikisia kichwa, kwa huruma, kama kusema basi, tumejaribu. Kisha nikaona mkono wako unakwenda kwenye swichi. Nilijua ukiizima ile mashine, Jumatatu upo kwenye lori.

Nikacheka.

Kicheko cha kwanza kilikuwa kibaya, kikavu, cha mtu aliyepaliwa na dagaa. Uligeuka. Gaudensia naye akageuka, na hata kwenye giza lile niliona alivyoshtuka. Mke wa Mkufunzi, naye ni mwalimu, tena mjamzito, anamcheka mzee anayetoka kwenye pipa la chokaa. Niliona haya ambayo sijawahi kuona tangu hapo. Lakini nilikuwa nimeshaanza, na mkono wako ulikuwa umesimama juu ya swichi haujashuka, basi nikaendelea. Nikajipiga paja kama walevi wa pombe ya ndizi. Nikatikisika mpaka kigoda kikalia. Levina humo tumboni akakasirika, akanitia teke moja la mbavu, nami kwa kushtuka nikatoa mlio puani ambao mpaka leo sijui ni wa mnyama gani.

Mlio huo ndio walioucheka. Alianza mmoja wa benchi la nyuma, akajaribu kujizuia, akashindwa. Benchi lake likafuata. Walinicheka mimi, si mzee. Lakini mtu akishaanza kucheka hachagui tena, na pale kwenye shuka mzee alikuwa anapanda tena ngazi, mweupe mwili mzima. Alipoanguka, Gaudensia alifungua mdomo ampe pole, akaishia katikati, akajifunika uso kwa daftari na mabega yakaanza kumtetemeka. Baada ya hapo hakuna aliyemkumbuka mzee kuwa ni mzee. Wale vijana walicheka hadi wakashikana. Wengine walikuwa wanalia kweli, nilijua, kwa ajili ya vitanda vilivyobaki wazi bwenini, na walikuwa wamepata mahali pa kulilia bila kuulizwa. Nawe ulikuwa umesimama kando ya mashine, mikono imelegea, unawatazama. Sijakuona ukipendeza vile siku nyingine yoyote, hata siku ya harusi.

Kesho yake baada ya misa ulikwenda kwa Filbert. Ukuta wetu ulikuwa mwembamba, nilisikia yote. Ulimwambia umebadili nia, una kazi hapa, umeiona jana kwa macho. Akasema, "Wewe baki uwafundishe. Mimi nitakutangulia kuwasalimia huko." Jumatatu tulimsindikiza hadi bomani, wewe umembebea begi, mimi nimemfungia mihogo ya kuchemsha na karanga. Alinishukuru. Akaniambia mtoto akiwa wa kiume nimpe jina lake.

Hakurudi. Vita vikaisha, watu wakacheza barabarani, mkoa ukapata jina jipya, na Filbert hakurudi wala hatukuletewa kitu cha kuzika. Mtoto alikuwa wa kike. Mtoto wetu wa pili, mvulana, ndiye aliyebeba jina, na kila ulipomwita nilikuona unavyomeza mate kwanza. Mara moja tu ulisema, ukiwa kibarazani, huna unayemwambia: "Tungekuwa wawili, huenda." Nilikuwa ndani namnyonyesha Levina. Nilisikia, nikamhamishia titi la pili.

Usidhani nilitoka bure. Habari zilifika hapa Nyabusozi kabla hata dizeli ya Mkuu haijapoa, kwamba mkwe wa ukoo wenu, yule wa kutoka Ngara, anacheka wazee wakianguka. Mama yako alinitendea wema mpaka anaingia kaburini, hilo nalisema mbele ya mtu yeyote, lakini kicheko kile hakukisahau. Akijikwaa kizingitini anasimama, ananigeukia, na kwa sauti ya upole kabisa ananiambia, "Haya mwalimu, cheka." Nawe ulikuwa unanitetea. Ulimwambia mkeo ana moyo mwepesi, kila kitu kinamchekesha. Baba Levina, mimi moyo mwepesi niliupata wapi? Ningeweza kujitetea kwa mama yako kwa sentensi moja tu, lakini sentensi hiyo na wewe ungeisikia. Kwa hiyo nilimshika mkono, nikampa pole, nikamvusha kizingiti, hadi siku alipoacha kutembea.

Na wewe ukawa unaisimulia. Kwenye kila harusi, kila ubatizo, kila kikao cha walimu. Mke wangu ndiye aliyewafungulia mlango, ulikuwa unasema, bila yeye nisingejua. Kila ulipofika hapo nilikuwa nainuka kwenda kutazama chungu. Hukushangaa kwamba chungu kiliungua kila ulipofika sehemu ile ile?

Labda ulishangaa. Mwaka jana ulipolazwa mjini, mchana mmoja, Levina ametoka kutafuta uji, ulinishika mkono ukauliza bila utangulizi wowote, "Siku ile ulikuwa unacheka nini hasa?" Sikuuliza siku ipi. Nikakujibu, "Si yule mnene na ngazi yake, nini tena!" Ukasema, "Haya." Nafasi nyingine sikuipata, maana baada ya siku tatu ulikuwa humtambui mtu.

Basi jibu lenyewe ni hili, limechelewa, lipokee hivyo hivyo. Sikumcheka mnene, sikuwa namwona. Nilicheka ili usiende. Ulikuwa umejiwekea mtihani wako mwenyewe na ulikuwa unaushindwa, nami nikakuandikia jibu, nikakuacha uamini ni lako. Wewe uliyewafundisha watu maisha yako yote kwamba kuigilizia ni wizi.

Kwamba somo lilikuwa la kweli, ninajua. Vijana walicheka kweli, walikwenda kufundisha wakicheka, na Gaudensia amekuja na mvi zake kunithibitishia. Hilo ni lako, hakuna wa kukunyang'anya. Mimi nasema habari ya mlango tu, ulivyofunguliwa na nani aliyeusukuma.

Filbert ninamwomba radhi kila Jumapili, kwa jina, baada ya komunyo. Namwambia kwamba ningewacheka wazee wa dunia nzima kama kicheko kimoja kingetosha watu wawili. Hakuwa na mke wa kumchekea. Nikifika hapo huwa siwezi kuendelea, Levina anadhani ni kikohozi.

Lakini kwako siombi msamaha. Nimeyatafuta hayo majuto mwaka mzima, nikiwa peke yangu kwenye nyumba hii, nikisema labda sasa, labda leo, na sikuyapata. Nilichokipata ni watoto wanne, na wewe ukizeeka mbele ya macho yangu, ukibishana na redio, ukikoroma, ukiniuliza miwani iliyo kichwani mwako. Vyote hivyo nilivipata kwa kucheka uongo ndani ya bwalo lenye giza, na nilijua ninachokifanya.

Wakiyarudisha leo yale mablanketi madirishani, wakanipa tena kile kigoda, na wewe ukasimama pale ukiwa kijana, sitangoja nione uso wako unafungwa. Nitacheka kabla mzee hajapanda ngazi.

Pumzika, mume wangu. Sasa umejua.

Mkeo,
Mama Levina